Taa ya Kuvua na Taa ya Kufugia

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na tangu uliponionyesha kwenye simu zile taa mbili za tanki lako la samaki nimekuwa nikiikumbuka kila saa. Siku hiyo niliita watu waje waone jambo la kujivunia, kumbe nilikuwa nawaita kwenye aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa kule Igombe, nami nilikuwa nimepata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno hapa Mwanza mjini. Mwenye kliniki alikuwa Mhaya mmoja mpole, mtu wa kupiga pasi hadi leso. Sisi tulimwita Daktari tu, yakaisha.

Basi Daktari akaweka tanki la kioo kwenye chumba cha kusubiri, akatia samaki wa baharini. Ziwa liko pale mlangoni, yeye anatuletea bahari! Chumvi yake aliiagiza Dar, akaikoroga kwenye maji, akapima, akasubiri majuma kadhaa kabla ya kutia samaki wa kwanza. Watu walimcheka, na mimi nilicheka chinichini. Lakini watoto waliokuja kung'olewa meno walikuwa wakifika pale kwenye kioo wanasahau kulia. Walikuwamo samaki watano, na mmoja wa bluu watoto walimpa jina la Mwalimu, kwa sababu alipita kwa wenzake mmoja mmoja kama anayekagua daftari.

Siku moja Daktari akapata msiba Bukoba. Aliniachia tanki kwa maneno machache: "Walishe kidogo, washa taa asubuhi, zima jioni. Kingine usiguse." Taa yenyewe ilikuwa tyubu mbili nyembamba, moja nyeupe na moja ya kibluu. Mimi nikaiona taa ya kinyonge kabisa. Daktari mzima, taa ile?

Unielewe, mwanangu, maana na wewe una kichwa kama changu. Nilikulia nyumba ambamo karabai, ile taa ya kuvulia usiku, ilitunzwa kuliko mtoto. Taa ikiwaka vizuri, dagaa wanaikimbilia na tunakula. Ikififia, baba anarudi na nyavu tupu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mwanga una kazi nyingine. Kwa hiyo nilipowaona wale samaki wa Daktari wamejibanza nyuma ya mawe, nikasema hawa wamenyimwa taa. Nikamwomba fundi mmoja wa umeme aniazime taa kubwa ya halojeni, zile za kumulikia watu wanaojenga, nikaining'iniza shubiri mbili tu juu ya kioo. Hadi leo namshukuru Mungu haikudondokea majini.

Tanki likang'aa hadi barabarani linaonekana. Na siku ya pili, mchana, samaki wote watano wakapanda juu, midomo yao imegusa uso wa maji. Nikapiga makofi peke yangu. Si nilisema? Wameifuata taa! Nikawaita wagonjwa waje watazame, na nikatuma mtu Kirumba sokoni, ambako baba alikuwa ameleta dagaa, aje aone binti yake alivyowashinda madaktari.

Baba alikuja na shati lake la kazi, akasita mlangoni kwa ajili ya ile sakafu inayoteleza kwa usafi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye tanki. Akakisogelea kioo bila kutabasamu. Kisha akaingiza kidole majini.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, "haya ni maji ya kumwogeshea mtoto mchanga."

"Lakini tazama, baba, wanavyoifuata taa!"

"Hawafuati taa. Wanatafuta pumzi."

Nikaanza kujitetea, kwamba mbona yeye mwenyewe huwasha taa kali. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Umewahi kuona dagaa aliyeifuata taa yangu akarudi kwao? Mimi taa yangu ni ya kuvua, mama. Huyu Daktari anafuga."

Yeye ndiye aliyezima ile taa na kufunua tanki. Akaomba kikombe, akawa anachota maji na kuyamwaga palepale kutoka juu ili yapate hewa, na mimi akaniambia niweke chupa ya maji baridi ielee humo ndani, imefungwa kizibo, maji yapoe polepole yasije yakawashtua. Tulifanya hivyo hadi jioni, na wagonjwa wakitutazama. Wanne wakarudi kwenye mawe yao. Mwalimu hakurudi. Nililia, mwanangu, nikiwa na sare ya kazi, mbele za watu.

Daktari aliporudi nilimweleza kabla hajatua begi, nikijua kazi sina tena. Akatua begi, akauliza, "Kwa nini hukuniuliza sababu ya kuweka taa ndogo?" Nikamjibu ukweli, kwamba nilidhani hajui. Kwanza akanitazama, kisha akacheka, ingawa macho yake yalikuwa kwenye tanki. Akanikalisha, akanifundisha kwamba taa kali hupasha maji joto, na maji ya joto hushika hewa kidogo. Kuanzia siku ile tanki likawa langu kulitunza, kwa miaka yote niliyofanya kazi pale. Na baba kila alipopita mjini alianza kuwasalimia samaki, mimi baadaye.

Sasa wewe. Unafungua saluni yako Buzuruga, unataka tanki ambalo mpita njia ataliona akiwa stendi, na kidole chako kiko kwenye ile taa kubwa. Iache. Wewe unaanza, una samaki na mawe tu. Taa ndogo ya LED, nyeupe yenye bluu kidogo, inakutosha. Zile kali ni za wanaofuga matumbawe, ambayo huishi kwa mwanga, na wewe hujafika huko. Ukiyamulika maji ya chumvi na mawe kupita kiasi utavuna mwani, utasugua kioo hadi uchoke. Iwashe kwa muda wa saa nane hivi kila siku, uiwekee swichi yenye saa kwa sababu najua utasahau, kisha uzime, nao wapumzike. Nunua kipimajoto kabla ya urembo wowote. Na samaki akijificha siku za mwanzo, mwache, anajifunza nyumba.

Lakini zaidi ya taa, nakuomba hivi: kitu kilichowekwa mikononi mwako, kiulize kinahitaji nini, usikiulize kitapendezaje. Hata mteja wako, hata mke utakayemwoa, hata watoto. Mimi niliona midomo ile juu ya maji nikapiga makofi.

Mungu akubariki, mwanangu. Akujalie wateja, akujalie mkono mpole na macho ya kuona pumzi ya kiumbe kabla ya uzuri wake. Na siku ukitia samaki wa bluu humo, niite nije nimwone. Nitamwomba radhi.