Kompyuta ya Vipande

Mume wangu Kasiano alikuwa na desturi ya kuweka kiganja juu ya sanduku la kompyuta kabla hajaliwasha, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Likishaanza kuvuma alivuta kiti akakaa. "Limeamka," alisema, na hapo ndipo siku yetu ya kazi ilipoanza.

Sekretaria yetu, kiduka cha kuchapia watu karatasi, ilikuwa Mushasha, hapa Gitega, chumba kimoja kinachotazama njia wanayopita wanafunzi na masista. Mbele kulikuwa na meza na benchi la wateja, nyuma ya pazia tulilala sisi. Walimu walileta mitihani ya kuchapa, vijana walileta barua zao za kuomba kazi, watu wa harusi walileta majina ya wageni. Lakini kazi aliyoifanya taratibu kuliko zote ilikuwa ya waliofiwa. Kwetu mtu akifa anazikwa, na baada ya muda mrefu familia inakutana tena kwa kuganduka, ndiyo siku ya kumaliza matanga. Watu wanakunywa pamoja, inasemwa nani atawaangalia watoto, na vitu vya marehemu vinagawanywa. Kwa siku hiyo wengi walitaka picha kubwa ya marehemu na maneno machache chini yake. Kasiano aliyaandika huku akiyasoma kwa sauti ya chini, kisha alimuuliza mjane, "Ni hivi? Au nyumbani mlimwita jina lingine?" Wengine walilia palepale kwenye benchi, naye alisubiri. Hakuwa mtu wa kuharakisha machozi ya mwenzake.

Kompyuta alijifunzia Ngara, upande wa Tanzania, huko tulikolelewa sote wawili wazazi wetu walipokimbia vita. Wanafunzi walikuwa wakipewa mashine mbovu za msaada, wakizifungua na katika tatu kutoa moja inayofanya kazi. Familia yake iliporudi kwenye kilima chao Muyinga, kaka yake Bonifasi alishika jembe, mdogo wao Fredi alishika jembe, yeye akarudi na bisibisi mfukoni. Mama yao, Emerensiana, alimcheka. "Huyu atalima nyaya," alisema.

Mama alikuja kutusalimia mara moja tu, mtoto wetu Happy alipozaliwa. Asubuhi alikaa kwenye benchi akimtazama mjukuu asimchoke, ghafla akageuza kichwa.

"Nani amelala huko chini ya meza?"

"Hakuna mtu, mama," Kasiano alimwambia. "Ni sanduku langu. Lina feni ndani."

Mama aliinama, akaweka sikio. Alikaa hivyo muda kidogo. "Linapumua kama wewe ulivyokuwa mdogo," alisema. "Na pua iliyoziba hivyohivyo."

Tulicheka mpaka Happy akaamka.

Happy alipoanza kutambaa ndipo shida ya nyaya ilipoanza. Kompyuta yetu ilikuwa ya vipande: kioo juu ya meza, sanduku chini, kibodi, kipanya, printa pembeni, na kila kimoja na mkia wake. Siku moja mwalimu mmoja alikuwa amesimama akisubiri ukurasa wa mwisho wa mtihani wake, Happy akapita chini ya meza akavuta waya mmoja. Kioo kikawa cheusi. Mwalimu akamtazama Happy, Happy akamtazama mwalimu.

"Huyu hataki wanafunzi wangu wafanye mtihani," mwalimu alisema. Ukurasa uliokuwa haujahifadhiwa ukaandikwa upya.

Ndipo tukaenda kwa Cubaka. Yeye ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, anauza kompyuta zilizotumika karibu na soko, na Kasiano alikuwa akinunua kwake vipuri. Cubaka alikuwa ameleta kompyuta ya namna nyingine, nyembamba, kila kitu kimo nyuma ya kioo chenyewe. Hakuna sanduku. Waya mmoja tu unaingia ukutani.

"Mama Happy, angalia," Cubaka aliniambia mimi, maana alijua nani wa kushawishi. "Hii iko kitu moja. Écran, hii kioo, mashini, hata sauti, yote iko ndani. Unaweka prise kwa ukuta, basi. Ile ya bwana yako iko na manyaya kama matumbo ya mbuzi."

Niliipenda. Nitasema kweli, niliipenda mara moja. Niliiona juu ya meza yetu, chini pakiwa patupu, mtoto anapita anavyotaka.

Kasiano aliizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Akaipapasa mgongo. "Inafunguliwa wapi?"

"Ya nini kuifungua?"

"Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ukaunguza kitu ndani?"

"Unaileta kwangu."

"Na we utanipa nini?"

Cubaka alifikiri. "Nitakupa pole," alisema.

Wakacheka wote wawili. Lakini njiani Kasiano hakuwa anacheka tena. Aliniambia, "Mama Happy, ile ni nzuri, sikatai. Inachukua nafasi ndogo, na nadhani hata umeme inakula kidogo. Ila jicho likiugua, mwili wote unalala. Hili letu, likiungua sehemu ya umeme, nabadilisha sehemu ya umeme. Kioo kikifa, naazima kioo. Halizikwi lote kwa siku moja."

Siku ile ile alichukua misumari na vipande vya mpira wa baiskeli, akazibana nyaya zote kwenye mguu wa meza, juu, mkono wa Happy usipofika. Nami nikashona kitambaa cheupe cha kufunika sanduku ili vumbi lisiingie. Tukabaki na kompyuta ya vipande.

Ugonjwa wa Kasiano sitauandika sana. Ulikuwa wa ini, ulianza mvua zilipoanza na kummaliza kabla hazijakatika. Siku zake za mwisho nyumbani, kabla hatujampeleka hospitali, alinikalisha kwenye kiti chake, yeye akalala kwenye benchi la wateja, akanifundisha. Nilikuwa nimeishia shule ya msingi na vidole vyangu vilizoea jembe na nepi. "Usiitafute herufi kwa hasira," aliniambia. "Ipo. Haijaondoka." Nikikosea alifumba macho na kutabasamu. Alipoona naweza kuandika ukurasa, kuukuza, kuutoa kwenye printa, alisema, "Basi. Wewe na Happy mtakula."

Alizikwa Muyinga, kwenye kilima chao. Mimi nikarudi Mushasha nikafungua mlango.

Watu walikuja. Pengine mwanzoni walikuja kwa huruma, baadaye walikuja kwa sababu kazi ilikuwa safi. Asubuhi niliweka kiganja juu ya sanduku, nikaliwasha, nikakaa. Ndani yake zilikuwamo picha zote alizompiga Happy, na mifano ya kadi alizozipanga yeye, na maneno ya waliofiwa aliyoyahifadhi, ili anayekuja na huzuni asianze kutafuta kutoka mwanzo. Nilifanya kazi kwa kufuata nyayo zake. Tulikula, mimi na Happy, kama alivyosema.

Siku ya kuganduka ilipokaribia, Bonifasi alinipigia simu.

"Shemeji, baba mkubwa anasema uje na vitu vya Kasiano. Nguo, baiskeli, na vyombo vyake vya kazi. Viwekwe mkekani, familia ivione."

"Vyombo vya kazi ninavitumia, shemeji."

"Ndiyo, tunajua. Ni kuvionyesha tu. Mkulima jembe lake huonyeshwa."

Baba mkubwa ndiye kaka wa marehemu baba mkwe wangu, na neno lake ndilo linalofunga mazungumzo katika ukoo. Sikuwa na hofu. Niliwaza, nitawaonyesha jinsi inavyofanya kazi, nitaandika jina la Kasiano mbele yao, watasema, basi mama Happy aendelee. Nilizichomoa nyaya moja baada ya nyingine, nikazikunja kwenye mkoba wangu. Sanduku nililifunga kwa kitenge nikalipakata njia nzima kutoka Gitega, na Happy akalala juu yake.

Jambo moja sikuliwaza. Kilimani kwao hakuna umeme.

Tulikula, tukanywa pombe ya ndizi, padri akaomba, watu wakasema mema ya Kasiano, nayo yalikuwa mengi. Kisha mkeka ukatandikwa uani. Koti lake, viatu, redio, baiskeli. Na kompyuta: kioo hapa, sanduku pale, printa, kibodi na kipanya. Vilikaa kimya kwenye jua, kila kimoja peke yake, kama watu wasiojuana.

Baba mkubwa alivitazama kwa upole. "Mwanetu hakuacha shamba kubwa," alisema, "lakini ameacha vitu vya kutosha. Kila wa damu yake atapata cha kumkumbukia. Hivi vya mashine navyo vinatosha."

Nilipiga magoti. "Baba mkubwa, samahani. Hivyo ni kitu kimoja."

"Kitu kimoja?"

"Ndiyo. Ni kama jembe na mpini."

Akainama, akainua kibodi, akaigeuza, akaitazama printa iliyo mbali nayo. "Mwanangu, jembe na mpini vimeshikana. Hivi naviona havikushikana popote."

"Vinashikana kwa nyaya. Ninazo hapa kwenye mkoba."

"Basi tuonyeshe."

Nikafungua mkoba. Halafu nikasimama na waya mkononi, nikitafuta ukuta wa kuuchomeka. Watoto walinitazama. Mmoja akauliza mama yake, "Anataka kufunga mbuzi?" Watu wakacheka kidogo, bila ubaya.

Bonifasi akaja karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, hatukunyang'anyi. Kasiano alikuwa wetu sote."

"Lakini shemeji, kimoja bila kingine hakifanyi kitu. Ndiyo chakula cha Happy."

"Happy ni mtoto wetu. Hatalala njaa tukiwa hai."

Nilikuwa nimesema mara ya kwanza, nikasema mara ya pili. Mke hasemi mara ya tatu mbele ya ukoo siku ya kumaliza matanga. Huo unakuwa ugomvi juu ya kaburi. Nikakaa.

Wakagawa kwa haki. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba hakuna aliyependelewa wala aliyeonewa. Kioo alipewa Bonifasi, maana kilifanana na televisheni na yeye ndiye mkubwa. Printa alipewa Fredi. Sanduku, kwa kuwa ndilo zito kuliko vyote, alipewa mama aliyemzaa, pamoja na kile kitambaa cheupe. Mimi nilipewa kibodi na kipanya. "Vidole vyako vimevizoea," baba mkubwa aliniambia, akadhani amenipa kilicho bora.

Cubaka aliposikia, aliweka chini bisibisi yake. Alisema, "Mi sitasema neno, mama Happy."

"Sema tu."

"Ile ya kitu moja, nani angeikata?"

Nililifikiria hilo mara nyingi nikifua nguo za watu, kazi ninayofanya sasa. Kasiano aliipima kompyuta kwa namna inavyoharibika. Alijua kuitibu ikiungua, ikizimika, ikijaa vumbi. Ugonjwa wa kugawanywa mkekani na watu wanaokupenda haukuwa kichwani mwake. Wala mwangu haukuwamo.

Lakini sikukata tamaa mapema. Kioo kinaazimika, Kasiano alisema mwenyewe. Cubaka alikuwa tayari kuniazima kioo kilichopasuka pembeni. Kwa printa ningekwenda kwa jirani. Kilichobaki ni sanduku, nalo haliazimiki, kwa kuwa ndani ndimo alimokuwa yeye. Nikasema nitakwenda Muyinga kumwomba mama. Mama atanielewa.

Nilimkuta ndani, ameketi kwenye kigoda karibu na kitanda. Sanduku lilikuwa limewekwa kichwani pa kitanda, juu ya matofali mawili ili unyevu usilifikie, limefunikwa kile kitambaa, nacho kimefuliwa na kunyooshwa. Happy alilikimbilia, akaweka kiganja juu yake. Nani alimfundisha, sijui. Labda alikuwa akiona.

"Anapima homa," mama alisema, na macho yake yakajaa. "Mama Happy, karibu. Umefanya vizuri kuja kumwona."

Hakusema kuliona. Alisema kumwona.

Tukakaa. Akatupa maharage na viazi. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu Gitega, na kila nilipotaka kuyaanza, mama alinyoosha mkono akaweka kitambaa sawa.

"Nilimsikia siku ile kwenu," alisema. "Akipumua. Huku ameninyamazia. Kila nikiamka nasikiliza kwanza. Fredi ananiambia limekufa."

"Halijafa, mama."

"Halijafa?"

"Halina umeme tu."

Akanigeukia. "Wanasema nguzo za umeme zitapanda huku kilimani. Wameshasema sana, lakini siku moja zitapanda. Wakileta, atapumua?"

Mkobani mwangu ulikuwamo ule waya wa umeme. Siku ya mgao hakuna aliyeugawa, kila mtu aliuona kamba tu. Nilikuja nao ili nijaribu sanduku kwenye senta, penye maduka na umeme, kabla ya kupanda gari la kurudi. Niliushika humo ndani ya mkoba, nikaushika sana. Happy alikuwa ameegemeza shavu lake juu ya sanduku, anasinzia.

Nikautoa.

"Mama, leta mkono." Nikakiongoza kidole chake nyuma ya sanduku mpaka kikapata tundu. "Umeme ukifika, huu unaingia hapa. Upande huu mwingine unaingia ukutani. Kisha unabonyeza hapa mbele, mara moja."

"Na kile kioo alichochukua Bonifasi?"

"Kioo si lazima, mama. Kupumua litapumua bila kioo."

Akaukunja waya vizuri, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, mahali anapofunga vitu asivyotaka vipotee.