Kisu Alichonichagulia Shangazi Martina

Nakumbuka mnada mmoja wa Katesh, mwanangu, mvua za kwanza zilipokuwa zimelowesha ardhi kidogo na watu wakihangaika kutafuta kamba na vyuma vya plau. Ndevu zilikuwa ndiyo zinaanza kunitoka. Nilikuwa nimeuza mbuzi wangu mwenyewe asubuhi ile, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba sirudi kwetu Nangwa bila kisu kiunoni.

Nimeukumbuka mnada huo kwa sababu ya ile picha uliyonionyesha kwenye simu. Umepata kazi ya kuongozana na wawindaji wenye vibali. Utalala porini, utachuna wanyama, utakata kuni na kamba, na unatafuta kisu. Hicho cha kwenye picha nimekitazama vizuri, hata ukanikuzia. Ni kirefu, cheusi, kina meno mgongoni kama msumeno, na mpini wake unafunguka kama chupa, ndani kuna dira na njiti za kiberiti. Sikukatazi kukinunua. Nitakueleza yaliyonipata, halafu utaamua mwenyewe, maana mkono utakaokishika ni wako.

Siku ile nilikuwa nimeshachagua. Kilikuwa kisu kirefu kinachong'aa mpaka unajiona meno, na mpini wake ulikuwa wa plastiki nyekundu, laini kama yai. Muuzaji alikuwa ananisifia jinsi kinavyonikaa, na mimi nilikuwa nakubali kila neno. Ndipo nikasikia nyuma yangu mtu anakohoa. Alikuwa shangazi Martina, dada mkubwa wa baba.

Huyu shangazi ndiye aliyekuwa akiitwa kila alipochinjwa ng'ombe ambaye ngozi yake haitakiwi kutobolewa. Alichuna ngozi tangu usichana wake mpaka vidole vikapinda. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kicheko chake ilibidi ukisubiri.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hicho ulichoshika umeshakilipia?"

"Bado."

"Basi njoo kwanza tule nyama."

Tukaenda kwenye mabanda ya nyama choma, akanunua ubavu wa kondoo, tukala. Nilipotaka kunawa akanizuia. Akanirudisha kwa muuzaji na mikono yangu ile ile inayometameta kwa mafuta, akaniambia nikishike kile kisu changu kizuri na nikichomeke kwenye nguzo ya banda kwa nguvu zangu zote. Nikafanya. Ncha ilipogonga mti, kiganja kiliteleza mbele, na kama shangazi asingekuwa ameshika kifundo cha mkono wangu, vidole vingeishia kwenye makali.

"Porini hakuna sabuni," alisema. "Na damu inateleza kuliko mafuta haya."

Akakichukua, akakitikisa karibu na sikio langu. Nikasikia chuma kinacheza ndani ya mpini. Akaniambia kwamba bapa lile halikuingia kwenye mpini zaidi ya urefu wa kidole gumba, na kwamba siku nitakapokiwekea nguvu litabaki kwenye mti na mimi nitabaki na plastiki. Muuzaji alinuna. Shangazi alimrudishia kisu chake kwa heshima, akamtakia biashara njema, tukaondoka.

Alinipeleka mwisho kabisa wa mnada, kwa mhunzi aliyekuwa ametandika gunia chini. Hapo akanichagulia kisu kimoja ambacho, sitakuficha, nilikionea aibu. Kilikuwa cheusi, kimefuliwa kutoka springi ya lori, na bapa lake halikuzidi urefu wa kiganja changu na vidole vikinyooshwa. Mgongo ulikuwa mnene, bila meno wala urembo. Lakini chuma chake kilikuwa kimoja tangu ncha mpaka mwisho wa mpini, na vipande viwili vya mti vilibanwa kila upande kwa misumari iliyopita katikati ya chuma hicho. Mbele ya mpini palikuwa na kinundu cha kuzuia kidole.

"Shangazi, mbona kibaya hivi?"

Akakitia kisu mkononi mwangu. "Wewe unatafuta kisu cha kuolea, au kisu cha kurudi nacho nyumbani?"

Watu waliokuwa karibu walicheka sana. Mimi nilinuna njia nzima mpaka Nangwa, nikiwa nimekifunga kisu ndani ya shati ili wenzangu wasikione.

Sasa sikiliza kilichofuata.

Siku chache baadaye baba alinituma pamoja na baba mdogo Bura twende Masakta. Maksai wetu mmoja, tuliyemwita Doa, alikuwa ameazimwa huko na wakwe zetu. Mwenzake alikuwa nyumbani anamsubiri tuanze kulima, maana mvua zilikuwa zimeshaita, na maksai mmoja havuti plau peke yake. Baba mdogo alikuwa mtu wa haraka, mchangamfu, na alimpenda yule Doa kuliko ndugu zake.

Tuliporudi, juani kabisa, tulifika kwenye korongo moja lenye mchanga mkavu. Juu yetu mbingu ilikuwa nyeupe. Lakini Mlima Hanang' haukuonekana, ulikuwa umefunikwa na wingu jeusi tangu kileleni mpaka mabegani. Nilimwambia baba mdogo kwamba huko juu inanyesha. Akasema ndiyo maana tuvuke upesi. Doa aligoma kushuka, akawa anarudi nyuma, basi baba mdogo akaizungusha kamba yake kwenye kifundo cha mkono apate nguvu ya kumvuta. Mimi akanituma nitangulie nikatafute mahali pa kupandia ng'ambo.

Nilikuwa nimeshapanda ukingoni niliposikia mlio kama wa malori mengi yanateremka. Nikageuka. Maji yalikuja yakiwa ya kahawia, yamebeba magogo na nyasi, na yalimkuta Doa katikati ya korongo. Yalimpiga miguu akalala ubavu. Baba mdogo alikuwa ameshafika chini ya ukingo wangu, amepata mzizi wa mgunga akaukumbatia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulinyooka kuelekea kwenye maji, na kamba ilikuwa imeukaba.

Niliteremka kwa tumbo. Nilifunga miguu yangu kwenye mzizi ule, nikamfikia bega, kisha kiwiko, kisha kamba. Ilikuwa kamba ya ngozi iliyosokotwa, imelowa na kuvimba, imekaza kama chuma. Nikatoa kisu.

"Usikate!" alipiga kelele. "Bura ndiye anayekuambia, usikate! Huyo ndiye shamba letu!"

Mwanangu, kwetu mtoto hambishii baba yake mdogo. Nilisita. Nilimtazama usoni nikaona anamaanisha, angekubali kwenda na yule ng'ombe. Kisha nikautazama mkono wake, ambao vidole vyake vilikuwa vimeshakuwa rangi ya ini. Nikakata.

Mikono yangu ilikuwa na tope mpaka kwenye viwiko, na mpini ule haukuteleza hata kidogo. Nilivuta mara moja kamba ikaachia nusu, nilipovuta tena ikakatika. Pembe za Doa ziliibuka mara moja tu kule chini, kisha hatukumwona tena.

Baba mdogo hakunishukuru. Alilala kwenye nyasi akilia kwa sauti. Bega lilikuwa limechomoka.

Kisha mvua ya mlimani ikatufikia na sisi, ikiwa na mawe ya barafu. Nikamburuta mpaka chini ya mwamba uliojitokeza. Mwanzoni alitetemeka. Baadaye akaacha kutetemeka na kuanza kuongea mambo ya ajabu, akimwita mama yake aliyekwisha kufa, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoogopa maji. Kiberiti nilikuwa nacho ndani ya mfuko wa nailoni. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Nikachukua tawi lililokufa zamani, nene kama mkono, nikaweka makali ya kisu juu yake na kugonga mgongo wa kisu kwa kipande cha mti mpaka likapasuka. Ndani lilikuwa kavu. Nikaupasua ule moyo wake vipande vyembamba, nikauparura mpaka nikapata vinyuzi vilivyojikunja kama manyoya ya kondoo. Hivyo ndivyo vilivyoshika moto. Niligonga kisu kile mpaka mkono ukachoka, na hakikucheza kwenye mpini wake.

Baba mdogo alipopata joto aliniangalia, akasema, "Nilikuambia usikate." Nikamjibu, "Ulisema, baba." Mvua ilipokatika nilimshika kiuno tukatembea pole pole mpaka tukakutana na baba na majirani waliokuwa wameuona moshi.

Kesho yake wazee wa ukoo walikaa. Lilikuwa jambo zito, kwa sababu msimu ulikuwa umefika na plau haikuwa na wa kuivuta. Mzee mmoja aliniuliza mbele ya wote, "Mwenye ng'ombe alikukataza kukata. Wewe ulipata wapi ruhusa?"

Baba mdogo akasimama, mkono wake umefungwa kwa khanga ya mkewe.

"Ni kweli nilimkataza," alisema. "Angenisikiliza, leo mngekuwa mnanichimbia. Muulizeni mambo mengine, hilo niachieni mimi."

Baba akaomba akione kisu. Akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya makali, akautikisa mpini. Kisha akanirudishia akiwa ametanguliza mpini upande wangu, kama anavyompa mtu mzima mwenzake, akaniambia kesho nianze shamba la juu kwa jembe la mkono.

Msimu ule tulilima kwa mikono familia nzima, na baba mdogo alipita nyuma yetu akidondosha mbegu kwa mkono wake mzima. Mahindi yalikuwa machache. Lakini alikuwepo kuyala.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Usichague kisu kwa macho, wala kwa siku yako njema. Fikiria siku ambayo mikono itakuwa na damu na tope, baridi imekushika na mtu analia pembeni yako, halafu ujiulize kama chuma hicho kitakutii. Cha kukunja kiache kiwe cha machungwa. Tafuta ambacho chuma chake kinapita mpini wote, kwa sababu pale kinapoungwa ndipo kinapovunjikia. Mpini ujaze kiganja chako na ukushike hata ukiupaka mafuta. Urefu usikuhangaishe, maana mnyama huchunwa kwa ncha na inchi chache za makali, na kisu kirefu hutoboa ngozi na utumbo. Mgongo uwe mnene, uweze kuugonga. Meno yale ya msumeno yatakuzuia kufanya hivyo, na kuni hayakati. Chuma kiwe kile unachoweza kukinoa mwenyewe kwa jiwe la mtoni, kwa sababu huko hutampata fundi. Kitunzie ala inayokibana, kifute kabla hujalala, na usimwinulie binadamu. Mguse yule mnyama tu uliyeruhusiwa kwa kibali, mwingine mwache apite. Na zaidi ya yote, kuna siku utalazimika kukata kitu unachokipenda ili mtu apone. Siku hiyo usisubiri ruhusa.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuliona wingu la mbali na masikio ya kuyasikia maji kabla hayajafika. Njia zako ziwe na watu wema, moto wako ushike hata mvua ikinyesha, na jua lisizame kabla mama yako hajaisikia sauti yako uani.