Doa Jekundu la Mnadani

Satelaiti ilipita juu ya Kishapu siku ya mnada wa ng'ombe, ikapiga picha ya methane, gesi wanayotoa ng'ombe wakicheua. Kwenye kompyuta yangu ya utafiti doa jekundu, alama ya gesi nyingi, liliangukia nyumba iliyopakana na mnada. Nikaenda kumuuliza mwenye nyumba ana ng'ombe wangapi. Alikuwa nao wanane. Kosa langu ni kwamba niliuliza mbele ya majirani.

Wiki hiyohiyo alinipigia simu. Mwanawe alikuwa ameposa, na baba wa binti, aliposikia mashine ya angani imeona ng'ombe wengi, alikuwa amepandisha mahari.

“Njoo useme mashine yako ni ya uongo,” aliniambia. “La sivyo kijana wangu haoi.”

Tulikwenda pamoja kwa baba wa binti, nikiwa na picha ile niliyoichapa kwenye karatasi. Nilieleza kwamba wale walikuwa ng'ombe wa mnada, na kwamba upepo ulisukuma gesi. Baba wa binti aliweka kidole kwenye picha.

“Hapa ni kwangu?”

“Ndiyo, mzee.”

“Mbona peupe?”

“Satelaiti haioni kundi dogo.”

“Dogo? Ng'ombe wangu wametapakaa kwa ndugu zangu hadi Maswa. Niwe peupe mbele ya mkwe?”

Baba wa kijana alinitazama kama mtu anayezama. Chuoni nilibishana na kila mhadhiri kuhusu ukweli wa data. Nikachomoa kalamu nyekundu, nikapaka nyumba nzima ya mzee na zizi lake.

Mzee aliikagua picha, akaridhika.

“Mtu mwenye ng'ombe wote hawa,” alisema, “atamkabaje mkwe? Mahari ibaki ileile ya kwanza.”