Siku Niliyoiita Pilau ya Mama Halima Chakula cha Wageni

Naona haya hata kusimulia, lakini kwa kuwa nyinyi ni rafiki zangu na mtacheka tu, bon, wacha niseme: siku ya sikukuu ya vyakula shuleni kwetu, hapa Kisangani, nilijiaibisha mbele ya wazazi wote, tena nikiwa na kikwembe kipya (ndiyo, kile kitenge cha buluu), na kosa lenyewe lilikuwa langu peke yangu.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kufundisha mjini, nimetoka Opala juzijuzi, nataka directeur, mkuu wetu wa shule, aone kwamba mimi ni mwalimu wa maana. Watoto wa darasa la nne walileta vyakula vya kwao, wazazi wakafuata na masufuria, na mimi, badala ya kuviweka tu pamoja, nikapanga meza mbili. Moja nikaiandikia "Chakula chetu", ya pili "Chakula cha wageni". Fufu ya muhogo na pondu, yale majani yake, nikaweka kwetu, pamoja na lituma (ndizi za kupondwa, mate yananijaa hata sasa) na liboke, samaki wa kufungwa majanini, na chupa ya mafuta ya mawese. Sambusa na spageti, kwa wageni. Ikafika sufuria ya pilau ya Mama Halima, ambaye binti yake, Halima, ni mwanafunzi wangu, nikaisukuma kwa wageni bila hata kumtazama usoni.

"Madame Béa," akasema, "miye ni mugeni?"

"Hapana, mama, ni chakula tu..."

"Koko ya koko yangu, babu ya babu yangu, alizaliwa hapa. Wazee walileta muchele kutoka mashariki, kwa miguu. Walipokosa mbuzi, wakatia samaki ya mto, ya kukausha kwa moshi. Dada yangu wa Kigoma aliionja, akasema hii haiko pilau. Kule ni ya wageni, hapa ni ya wageni. Alors, niipeleke wapi?"

Akaibeba sufuria yake, akamshika Halima mkono, wakaelekea mlangoni. Halima alikuwa anatazama chini. Hapo mtu mwenye akili angeomba msamaha, lakini mimi nikaanza kueleza, eti hii meza ni ya vyakula vilivyozaliwa hapahapa, kwa mfano pondu.

Papa Lokwa akakohoa. Huyu ni babu wa mwanafunzi wangu mwingine, Mado, na amefanya kazi ya kilimo maisha yake yote.

"Pardon, madame. Muhogo ilitoka Amerika. Wareno waliivusha bahari."

Watoto wakapiga kelele za furaha, wakahamisha fufu na pondu kwa wageni.

"Na karanga, koko?" Mado akauliza.

"Amerika."

"Mahindi?"

"Amerika."

Nikaikumbatia sahani ya lituma. "Ndizi hapana, papa, nakuomba!"

"Asia," akasema kwa huzuni, kama anatangaza msiba.

Mado akavuta, mimi nikavuta, lituma ikanimwagikia kifuani. Nikasema basi, liboke inabaki, samaki ni wa mto wetu! Mado akafungua majani, akachungulia. "Koko, na hii pilipili? Na tomati?" Papa Lokwa akanitazama kwa huruma. "Amerika." Liboke nayo ikahama, mezani kwetu ikabaki ile chupa moja ya mafuta ya mawese.

"Donc, Madame Béa," directeur akasema, "leo tutakunywa mafuta?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na katika kicheko kile nikasikia sauti ya Mama Halima. Alikuwa bado mlangoni, anajifuta machozi ya kucheka. Nikamwendea hivyohivyo, na lituma kifuani, nikapiga magoti mbele ya binti yake. "Halima, nisamehe. Nimesema vibaya. Chakula chenu ni cha hapa, na nyinyi ni wa hapa."

Halima akamtazama mama yake, kisha mimi. "Madame, kula kwanza. Inapoa."

Mama Halima akapakua, na sahani ya kwanza akanipa mimi. Mimi! Sijawahi kula pilau tamu kama ile, na sijawahi kuona haya namna ile huku natafuna.

Nimeapa sitamwambia tena mtoto yeyote kwamba chakula cha mama yake si cha hapa. Mama Halima angeweza kumwondoa binti yake shuleni, na nani angemlaumu? Badala yake, Jumatatu alikuja darasani bila kuitwa, akawasimulia watoto safari ya mchele tangu pwani, nami nikajibana kwenye benchi la nyuma, kati ya Mado na Halima, nikaandika kila neno.