Kofia ya Hasi Mbili

Msinicheke sana. Nafundisha hesabu chuoni, na juzi, kwenye kizuizi cha barabara pale Namuwongo, mwanajeshi alichukua karatasi yangu ya somo. Alama za integrali, zile za kutafutia eneo chini ya mchoro, zimejipinda kama ndoana, na siku hizi mtu hukamatwa na kupotea kwa sababu ya maandishi yasiyoeleweka. Nikajitia ujanja: "Afande, hizo ni nakshi za kofia anazoshona mama."

Akaisoma polepole.

"Mwalimu, mimi nilifundisha hesabu kabla ya jeshi. Hii mchoro yote iko juu ya sifuri. Eneo yake inatoka hasi mbili namna gani? Hapa katikati inapanda bila mwisho, wewe umeruka tu."

Darasa zima lilikuwa limeinakili hesabu hiyo asubuhi ile.

Akanirudishia karatasi. "Ambia mama, kofia iko na shimo."