Mnyama wa Kale Ukutani mwa Ghala

Kamati ya ujenzi ya kijiji chetu, mwendo mfupi kutoka Liuli, ndiyo iliyoufuta mchoro wa mnyama wa kale uliokuwa kwenye ukuta wa ghala. Nalisema hili mwanzoni ili lisichanganyike na mengine. Mwezi uliopita nilimpeleka dada yangu, aliyeuchora akiwa msichana, auone kabla mtoto wa jicho hajamfunga macho yote mawili. Tulikuta saruji na rangi ya bluu. Alipitisha kiganja ukutani, akaniuliza kama tumekosea jengo. Tangu siku ile sikai kitini nikatulia.

Wewe uliyekulia ufukweni huku unaikumbuka miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa: muhogo ulioloweshwa ukianikwa juu ya miamba, harufu ya usipa, dagaa wa ziwani, vichanjani, upepo wa mwera ukitupa mchanga ndani ya ugali. Tulipowekwa kuwafukuza kuku wasile usipa, tulichora kwa mkaa juu ya kila jiwe lililokuwa karibu, na kuku wakala. Bibi alitugombeza, kisha akainama kutazama tulichochora.

Aliyetuwashia moto huo ni mwalimu wetu, aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba. Alikuwa na fuvu lililogeuka jiwe, lililookotwa upande wa mto Ruhuhu. Mdomo wake ulikuwa kama wa kobe, na meno mawili marefu yameelekea chini. "Mwenye fuvu hili aliishi kabla ya ziwa lenu," alituambia. "Mwili wake mimi sijauona. Utafuteni wenyewe."

Tuliutafuta kwa ugomvi. Mimi nilitaka magamba. Dada alitaka ngozi ya kiboko. Mimi nilitaka tumbo liburuzike chini. Yeye alisema mnyama wa namna hiyo angechubuka mpaka afe. Mwalimu alipotuombea ukuta wa ghala jipya, dada alishinda, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mkono wa kuchora. Bibi alitupa udongo mwekundu na mweupe aliokuwa akisiribia nyumba yake kila kiangazi. Masizi tuliyakwangua vyunguni.

Kabla rangi haijakauka, mwenyekiti wa kijiji alifika. Alisimama, akalizunguka ghala, akarudi.

"Katika kijiji cha ujamaa kila mkazi ana kazi," alisema. "Huyu analima shamba gani?"

Jirani yetu mvuvi, aliyekuwa akishona wavu, hakuinua kichwa. "Mwenyekiti, huyo alikufa kabla hata ya Mjerumani. Msamehe zamu."

"Marehemu hakai kwenye ghala la walio hai. Afutwe, au afanye kazi."

Dada alipiga goti. "Shikamoo, baba. Tutambebesha mahindi."

Mwenyekiti aliupima mgongo wa mnyama kwa macho. "Marahaba. Abebe magunia mawili, mzigo ulingane."

Basi mnyama aliyekufa kabla ya ziwa akapewa magunia ya kijiji mgongoni. Mwalimu alicheka hadi akafuta machozi. Dada hakucheka, maana alikuwa amemwokoa. Kila kiangazi alirudi kumtilia udongo mpya, akiwa msichana, akiwa mke wa mtu, akiwa mjane. Mimi nilizunguka na kazi ya serikali wilaya hadi wilaya. Yeye alibaki, na hiyo ndiyo kazi yake pekee iliyosimama mbele ya watu.

Vichanja sasa ni vichache, mwalimu na bibi wametangulia, na fuvu sijui liko wapi. Hayo siwezi kumdai mtu. Lakini mwenyekiti wa zamani, pamoja na ukali wake, alikuja, akatazama, akauliza, akasubiri jibu la msichana. Kamati hii haikutuma hata mtoto nyumbani kwa dada, mwisho wa kijiji, ambako macho yamemfungia ndani tangu mwaka jana.

Kwa hiyo naitaka kamati ya ujenzi, katika mkutano mkuu ujao wa kijiji, itamke hadharani ni nani aliyeamua, kwa sababu gani, na kwa nini mchoraji hakuulizwa. Naitaka pia itenge ukuta mwingine, ilete udongo, na iwape vijana wa shule ruhusa ya kuchora huku dada yangu akiwaelekeza. Mkutano usiahirishwe. Macho yake hayangoji.