Nilivyoenda Kumtoa Wafula na Kifuko cha Bastola

Sikieni, na mkicheka chekeni mara moja mmalize, kwa sababu aibu hii nimeibeba mpaka nimechoka, na jirani yangu Mutua amekwisha kuisambaza mtaa wetu wote wa Mowlem akitia chumvi zake, sasa afadhali niiseme mwenyewe. Mimi, Barasa, karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni, mtu mzima na ndevu zangu, niliingia kituo cha polisi kwa miguu yangu, bila kuitwa na mtu, nikiwa nimejifunga kiunoni kifuko cha bastola. Bastola yenyewe sikuwa nayo. Sijawahi kuwa nayo. Sijawahi hata kuishika (haya, naona mmeshaanza).

Mnajua vile nilivyokuwa napenda bunduki. Nimetazama video zake kwenye simu mpaka bando zikaisha, naweza kukuambia hii inabeba risasi ngapi na ile inatema ganda upande gani, na kwa ujuzi huo wa kwenye kioo cha simu nilikuwa nadharau karibu kila mtu anayepumua. Polisi ndio nilianza nao: mtu amepewa bunduki ya serikali na anaishika kama mwiko wa ugali, kidole kwenye kifyatulio, anapiga hewani kutawanya watu kana kwamba risasi ikienda juu inabaki huko na malaika. Waandamanaji nao sikuwasaza, wanakimbia wote upande mmoja, wamejipaka dawa ya meno chini ya macho, mkono mmoja bendera na mkono mwingine simu ya kujirekodi, halafu wanashangaa moshi wa machozi umewapataje. Mpira ndio usiseme. Wanaume wazima, kodi ya nyumba imewashinda, wanatoa machozi kwa ajili ya timu ya Uingereza ambayo mchezaji wake ukimtajia Mowlem atadhani ni dawa ya kikohozi. Na huyu Mutua, dereva wa lori, anafuga njiwa juu ya paa la ploti yetu ya kupanga, ati hiyo ndiyo hobi. Njiwa! Ndege ananyea nguo zako kwenye kamba na wewe unamnunulia mahindi.

Hobi yangu mimi ilikuwa ya wanaume (nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu). Nilikuwa nakusanya maganda ya risasi ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, chini ya kitanda. Maandamano yakiisha mtu huokota ganda barabarani akaniletea, nami nalisugua, nasoma alama zake za matakoni, natoa mhadhara ambao hakuna aliyeuomba. Kile kifuko nilikinunua sokoni Muthurwa, cha ngozi nyeusi, muuzaji mwenyewe alidhani ni cha simu. Nilikivaa nyumbani tu, mbele ya kioo, nikifungua jaketi na kulifunga. Mlango nikiwa nimeufunga kwa komeo, bila shaka.

Sasa mdogo wangu Wafula, ambaye tunaishi naye pamoja na Mama, ni golikipa. Timu moja ya ligi ilikuwa imemwita majaribio Jumapili asubuhi, na tangu tumjue Wafula hakuna kitu kingine alichowahi kutaka duniani. Mimi nilimwambia kazi ya golikipa ni kuokota mipira nyavuni kama mtu anayeokota mayai. Alicheka. Wafula ni mtu wa kucheka, ukimtukana anakuongezea chai.

Basi siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mkesha wa hayo majaribio. Asubuhi kulikuwa na maandamano huko Kangundo Road, mchana kukatulia, na jioni sebule yetu ikajaa majirani kwa sababu mwezi huo dikoda ya runinga iliyolipiwa kwenye ploti ilikuwa yetu peke yake. Mutua amekalia kiti changu, amekumbatia njugu. Mechi ilikuwa karibu kuanza lakini remote niliishika mimi, na mimi nilitaka kwanza watazame taarifa ya habari ili niwaonyeshe jinsi polisi wanavyosimama vibaya. Walinung'unika, nikawaambia wajifunze kitu maishani.

Hapo ndipo Mama alipoingia, na kitambaa chake cheupe cha kina mama wa kanisa kichwani, anahema.

"Barasa, wamemshika Wafula. Ametoka mazoezi na wenzake, wakatiwa kwa gari. Na kesho ndiyo siku yake, mwanangu."

Akanishika mkono mbele ya wote.

"Wewe si unajua hawa watu?" Mama akasema. "Kila siku ni hao tu mdomoni mwako. Enda uongee nao wamwachilie."

Ningesema, "Mama, simjui hata mmoja." Maneno manne tu! Aibu yake ingekuwa ndogo, ya kuisha kabla ya mapumziko ya mechi. Lakini watu wote wananitazama, Mutua ameacha kutafuna, na mimi ndiye nimekuwa nikiwahutubia tangu saa kumi. Nikasimama nikavuta suruali juu.

"Niachie mimi, Mama."

Nikaingia chumbani kufikiri, na kufikiri kwangu ndiko kulikoniponza. Nikajiambia, Eastlands hii kila mtu anamjua karao, polisi wa nguo za raia, kwa kile kivimbe cha chini ya jaketi, watu wakikiona hata mwenye deni lako anajifanya hakukuona. Nikitokea kituoni na kivimbe wataniona mwenzao, tutaongea kiutu uzima, Wafula atoke. Nikajifunga kifuko. Kitupu kilikuwa kimelala bapa kama soksi. Nikarudi sebuleni, nikatazama huku na huku, na pale kwenye mkono wa kiti palikuwa na remote. Niliichukua kimyakimya na kuichomeka. Ilikaa sawasawa, kana kwamba fundi aliipima. Nikafunga jaketi na kuondoka nikitembea kama mtu mwenye maumivu ya nyonga, maana ndivyo nilivyoona wanavyotembea.

Kituoni kulikuwa na sajini mwanamke nyuma ya kaunta, amevaa sweta juu ya yunifomu, anamenya chungwa. Pembeni kuna kijana wa polisi na bunduki, na ukutani runinga inayoonyesha ile mechi. Nikaegemea kaunta na kuteremsha sauti.

"Habari ya kazi, afande. Nimekuja kwa ajili ya kijana mmoja, Wafula. Mimi ni mtu wenu."

"Wetu wa wapi?"

Swali zuri sana, ambalo sikuwa nimelitayarishia jibu. Kwa hiyo badala ya kujibu nikafungua zipu ya jaketi, kidogo tu, vile nilivyozoea kwenye kioo, aone mwenyewe.

Chungwa likaanguka. "Ana chuma huyu! Lala chini! Lala chini wewe!"

Nililala. Sikumbuki nililalaje, nakumbuka sakafu, baridi, inanuka dawa ya choo, na shavu langu juu yake. Yule kijana akanisimamia na bunduki, na mimi nikiwa pale chini nikaona kidole chake kiko wapi. Mtu mwenye akili angeomba Mungu. Mimi nikasema, "Afande, toa kidole kwa trigger kwanza. Kidole kinakaa pembeni."

Kiatu alichonipiga nacho mgongoni nilikistahili.

Sajini akainama, akavuta kifuko taratibu kama anatoa nyoka shimoni, akafungua kifungo, akaitoa remote. Ile yetu, yenye mfuniko wa betri uliobandikwa plasta. Akaigeuza. Akaitazama nyuma, akanitazama mimi. Na wakati huohuo simu yangu ikalia mfukoni, naye akaichukua akaiweka kwa sauti kubwa, na sauti ya Mutua ikajaa chumba chote.

"Barasa! Umeenda na remote? Game imeanza na sisi bado tunaangalia news! Uko wapi wewe?"

Nyuma yake nasikia ploti nzima inanilaani.

Nimewahi kusikia watu wakicheka, lakini polisi wakicheka na wewe uko sakafuni ni kicheko cha aina yake. Walitoka wengine vyumba vya ndani kuja kuona. Sajini alifuta machozi kwa sweta, akaielekeza remote kwenye runinga yao, akabonyeza, na sauti ikapanda. Dikoda yao ilikuwa ya kampuni moja na yetu. Kumbe yao ilikufa zamani.

"Hii ni eksibiti," akasema, akaiweka mfukoni. "Na huyu mtu wetu, mpelekeni kwa wenzake."

Wakachukua mshipi, wakachukua viatu, wakanisukuma ndani ya seli nikiwa nimeshika suruali kwa mkono. Na huko ndani, pembeni, na kaptura yake ya mazoezi, alikuwa Wafula. Uso wake uling'aa.

"Brathe! Nilijua utakuja. Umekuja kunitoa?"

Nikakaa chini karibu naye. Nikamwuliza wenzake wako wapi.

"Wameachiliwa. Waliona ni watu wa mpira tu."

"Na wewe?"

Akaangalia miguu yake. "Mimi walinipata na ganda la risasi ndani ya glavu. Niliiona hapo Kangundo Road tukipita, ile ndefu, ile ulisema huna. Nikakuokotea. Nilitaka nikuwekee tu kwa meza uikute."

Wenzangu, kuna aibu ya sakafuni, mtu huweza kuicheka baadaye, kama ninavyoicheka sasa na nyinyi. Hii nyingine siwezi. Miezi yote hiyo nilikuwa nimemdharau na glavu zake, na yeye aliinama katikati ya barabara iliyojaa polisi kuniokotea chuma chakavu kwa sababu nilisema sina. Nikamwambia, "Wafula, nisamehe." Akasema, "Ni sawa, bro. Mama alikuwa anasema unajua hawa watu."

Mama alifika wakati wa mapumziko ya mechi, maana alipoona sirudi alijua mwanawe ni yule yule. Hakujifanya mtu wao. Alikaa kwenye benchi mbele ya kaunta, akaweka mkoba mapajani, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Kipindi cha pili kikaanza, Mama anaimba. Sajini akapandisha sauti ya runinga kwa remote yangu, Mama naye akapandisha yake. Ile sauti imezoea kufunika kwaya nzima bila kipaza, na sisi huko seli tuliisikia vizuri kuliko mtangazaji. Mfungwa mmoja tusiyemjua akaanza kuitikia. Polisi wakasikika wenyewe kwa wenyewe wanalalamika kwamba bao limeingia na hawakusikia nani amefunga.

Mwishowe mlango ukafunguliwa, tukatolewa wote wawili hadi kaunta.

"Mama, nimechoka," sajini akasema. "Sitaki kelele hapa. Chukua mmoja uende."

Nilimtazama Mama. Mimi ndiye kifungua mimba. Mimi ndiye ninayelipa kodi. Nilidhani angalau angefikiri kidogo.

"Wafula," akasema, kabla sajini hajafunga mdomo.

"Glavu zinabaki, ni ushahidi," sajini akasema.

Mama akamshika Wafula mkono. Mlangoni akageuka, akanitazama nilivyosimama bila viatu, nimeshika suruali.

"Wewe kaa, Barasa. Wewe si unajua hawa watu."

Niliachiliwa Jumapili, baada ya kufagia uwanja wote wa kituo na kusugua ile sakafu niliyokuwa nimeizoea. Kifuko walikichukua, wakasema kitamfaa mtu mwenye bastola, na sikubishana. Nilifika nyumbani nikamkuta Wafula amekaa sebuleni na mkono ndani ya karai la maji ya chumvi. Alienda majaribio bila glavu. Alidaka ya kwanza, akadaka ya pili, kisha likaja shuti zito likampinda kidole, na kocha akamwambia ni mzuri lakini arudi msimu ujao, na aje na vifaa vyake. Nilisimama pale mlangoni nikingoja anitukane. Aliniambia tu, "Chapati ziko, brathe. Mama amezifunika."

Laiti angenitukana.

Mkebe wa maganda sijui Mama aliupeleka wapi na sijathubutu kuuliza. Siku hizi sizungumzii bunduki, na taarifa ya habari naitazama nikiwa nimefunga mdomo. Kiunoni sitavaa tena kitu isipokuwa mshipi, hilo nimeapa. Mowlem wananiita Remote, watoto wa ploti pia, na Mutua amewafundisha hata wanaomletea mahindi ya njiwa.

Glavu mpya nilimnunulia, nzuri kuliko zile. Na kila jioni nikitoka kazini tunaenda kile kiwanja cha vumbi, anasimama golini, mimi nampigia mashuti, kwa sababu msimu ujao lazima umkute tayari. Napiga kwa nguvu zangu zote, mimi bingwa wa shabaha wa Mowlem, na tangu tuanze sijamfunga hata mara moja. Wafula anaudaka mpira, anauviringisha polepole mpaka miguuni pangu, na bila hasira yoyote ananiambia, "Piga tena, brathe."

Napiga tena.